Sahani Mbili na Kompyuta Moja

"Mama, hii nini?"

"Kompyuta."

"Naona ni kompyuta. Inafanya nini mahali pa sahani?"

Swali lilikuwa zuri. Mahali hapo, kwenye meza ndefu ya sebuleni, pamekuwa pa sahani tangu kabla binti yangu hajazaliwa. Sahani ndivyo tunavyoziita nyumbani zile mashine mbili za kupigia santuri, moja kulia, moja kushoto, na katikati yake kisanduku cha vitufe cha kupitisha sauti kutoka huku kwenda kule. Kwa mashine hizo nimekuwa DJ wa harusi na mahafali, na sasa ni DJ wa dansi la wastaafu kila Jumamosi mchana. Wacheza dansi wananiita Mama Santuri. Siku hiyo nilikuwa nimezisukuma pembeni na kuzifunika shuka.

"Umezifunika kama maiti," binti yangu akasema.

"Maiti haina nyaya. Kaa ule."

Hakukaa. Tunamwita Chiriku, na hakulipata jina hilo kwa kunyamaza. Siku za kazi anauza dawa kwenye duka la dawa, mwisho wa wiki anazichukua sahani zangu kwenda kupiga muziki kwenye harusi za watu. Wenzake wote wanapiga kwa kompyuta. Yeye anaona ni aibu.

"Kila mtu ana kompyuta, mama. Hata muuza mkaa anayo. Watu wanakuja kuona mikono yako. Wanataka kukuona unapuliza vumbi kwenye sindano, unaishika santuri pembeni kwa vidole. Sasa watakuja kuona nini? Mtu anayeandika barua pepe?"

"Wanakuja kucheza. Mimi si sinema."

"Wewe ulinifundisha kwamba muziki unashikwa kwa mkono!"

"Nilikufundisha pia kunawa kabla ya kula, mbona hilo hulikumbuki?"

Akasema neno ambalo naona alikuwa amelitafuna tangu mlangoni. "Wewe ni msaliti, mama."

Nikamjazia sahani ya chakula, ile ya kweli, nikamwekea mbele. Msaliti naye hupika.

Ukweli ni kwamba sikio langu la kushoto limekufa.

Kazi ya sahani inataka masikio mawili. Wimbo unaochezwa ukumbini unausikiliza kwa sikio la kulia. Wimbo unaofuata, ambao watu hawajausikia bado, unausikiliza kwa hedifoni kwenye sikio la kushoto. Unausukuma kidogo au unauzuia kwa ncha ya kidole mpaka mapigo yake yatembee sawa na ya ule wa kwanza, kisha unauingiza. Ukipatia, hakuna anayejua wimbo ulibadilika saa ngapi. Ukikosea, ngoma mbili zinagombana hewani kama sufuria zinazoporomoka kabatini.

Sikio lilianza kuniaga taratibu, tangu mvua za mwanzo. Daktari wa masikio, kijana mpole kuliko nilivyotaka awe, alinieleza kwamba halitarudi. Sikushangaa. Nimesimama pembeni ya spika maisha yangu yote ya kazi. Nilimuuliza la kulia je. Akasema la kulia bado zima, nilitunze. Nikamshukuru, nikapitia sokoni, nikarudi nyumbani kupika.

Nilijaribu kuhamisha hedifoni kwenye sikio la kulia. Hapo wimbo unaofuata niliusikia vizuri sana, ila ukumbi ukanipotea. Ni kama kushona huku umefumba jicho moja na mtu kakuzimia taa ya upande wa pili. Sufuria zikaporomoka mara moja, zikaporomoka tena wiki iliyofuata, mbele ya meneja.

Meneja wa ukumbi ni mtu safi, shati lake halina kunyanzi hata mwisho wa siku. Aliniita kando. "Mama Santuri, mimi nakuheshimu kama mama yangu mzazi," akaanza. Mtu akianza hivyo, jua kisu kimeshanolewa. "Lakini sheria yangu unaijua. Muziki usikatike, na usigongane. Watu wakikaa wanakumbuka nyumbani, wakikumbuka nyumbani wanaondoka. Kuna kijana ana kompyuta yake, ananipigia simu kila siku. Ikitokea tena, nitampa Jumamosi."

Sikumlaumu. Ukumbi ni wake kuuendesha. Lakini Jumamosi ni yangu. Harusi nilishamwachia Chiriku, mahafali yakajiondokea yenyewe. Nikinyang'anywa Jumamosi nabaki mama wa kungoja simu za watoto, kuulizwa kama nimekula. Sijafikia huko. Nimechoka, ndiyo, kila asubuhi mgongo unaamka baada yangu, lakini kuchoka na kwisha ni vitu viwili.

Kwa hiyo nikanunua kompyuta, ile ya kukunja. Nina diploma ya ufundi wa redio, siogopi kitu chenye vitufe. Nilisoma maelezo ya ile programu yote, jambo ambalo nadhani aliyeyaandika hakulitegemea. Ni kitu cha akili. Mapigo ya kila wimbo yanachorwa kwenye kioo kama milima midogo, wimbo huu juu, ule chini. Unapanga mlima chini ya mlima, basi, nyimbo zinatembea pamoja. Kazi ya sikio inafanywa na macho. Macho yangu ni mazima, mradi miwani isipotee.

Chiriku sikumwambia. Wanangu wakisikia nimekohoa wanafanya kikao kwa simu, na kikao chao kina azimio moja tu, mama apumzike. Afadhali niitwe msaliti. Msaliti anaachwa aende kazini.

*

Jumamosi ilipofika, Chiriku alikuja na gari la rafiki yake, buti limejaa. Alikuwa amebeba sahani na kreti za santuri.

"Za akiba," akasema, hajaniangalia. "Kompyuta ikizima utapiga makofi?"

Hilo lilikuwa neno la busara, na neno la busara silipingi hata likisemwa kwa kiburi. Ukumbi uko ghorofani. Tulipanda na kushuka, tukapanda tena. Yeye aliziunganisha sahani kwenye meza ya nyuma, kimya, kwa mikono ya mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mimi nikafungua kompyuta kwenye meza ya mbele.

Wastaafu walikuwa wameanza kufika. Wa kwanza siku zote ni Mwalimu, mama aliyekuwa mkuu wa shule, ambaye hucheza kwa raba na bado anawaambia watu wazima wasimame wima. Alikuja mezani akainama mbele ya kioo.

"Mama Santuri, leo umeleta ofisi?"

"Nimeleta karani, Mwalimu. Mimi nimekuwa bosi."

"Angalia asikufukuze kazi." Akaenda zake, akamshika mkono mzee mmoja mwembamba ambaye hakuwa ameulizwa.

Nilianzisha wimbo wa kwanza, wa taratibu. Viti vya plastiki ukutani vikabaki vitupu. Meneja alisimama kwenye kaunta ya vinywaji, mikono kifuani, shati limenyooka. Chiriku alikaa nyuma yangu kwenye kreti kama mtu aliyekuja msibani kwa sababu ya majirani.

Nikauandaa wimbo wa pili. Nikavaa miwani. Mlima chini ya mlima. Nikasubiri mahali pazuri, pale waimbaji wanaponyamaza na gitaa linabaki peke yake, nikauingiza. Ulipita kama kisu cha moto kwenye siagi. Mwalimu hakukosa hata hatua moja. Nilimwona meneja anashusha mikono. Nyuma yangu nikasikia Chiriku anavuta pumzi, na kwa mtoto yule kuvuta pumzi bila kusema neno ni sifa kubwa.

Nikafurahi. Hapo ndipo nilipoharibu.

DJ wengi huzing'oa zile plastiki za kufunika sahani, wanasema zinawasumbua. Mimi sikuwahi kuzing'oa, kwa sababu vumbi ni adui wa sindano na mimi ni mtu wa kutunza vitu. Miaka yote, wimbo ukishaingia vizuri, natoa santuri iliyokwisha, naifuta, halafu nafunga kifuniko. Paa. Mkono unafanya wenyewe, mimi nikiwa nimeshageuka kutafuta santuri nyingine. Ule mlio mdogo wa kifuniko ndio unaoniambia kazi imekwenda sawa.

Kwa hiyo kazi ilipokwenda sawa, mkono wangu ukanyooka, ukafunga kifuniko. Paa.

Ukumbi ukawa kimya.

Wastaafu walibaki wameshikana katikati ya sakafu, miguu mingine hewani. Niligeuka kutazama nani kakata umeme. Kisha nikauona mkono wangu, umetulia juu ya kompyuta iliyofungwa, kama umemlaza mtoto.

"Mama," Chiriku akasema. "Umeifunga."

"Nimeona."

Nikaifungua. Ikaniuliza neno la siri. Nikaliandika, ikalikataa. Nikaliandika tena, vidole vimekuwa vinene ghafla kama vya mtu mwingine. Ikakubali, kisha ikaanza kujifikiria, kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nikamwona meneja anatoka kaunta. Hakukimbia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hamia kwenye sahani!" Chiriku alikuwa amesharuka. Santuri alikuwa nayo mkononi, naamini alikuwa nayo tangu tulipofika. Akaiweka, akashusha sindano, akanivuta kwa bega mpaka meza ya nyuma, akanivisha hedifoni upande wa kushoto, kama alivyoniona nikiivaa maisha yake yote. "Tafuta mwanzo wake, mimi napandisha sauti. Haya, mama!"

Nilisimama pale na hedifoni sikioni. Kwa ile haraka nikasahau ni sikio gani, nikangoja.

"Umewasha?" nikamuuliza.

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, imewaka," akasema polepole. "Inapiga kelele. Hata mimi naisikia kutoka hapa."

Sahani ilikuwa inazunguka chini ya pua yangu, sindano juu yake. Sikuwa nimesikia kitu ila minong'ono ya wastaafu upande wa kulia. Yeye akainua mkono, akaigusa hedifoni, kisha akagusa sikio langu lenyewe, nyuma, pale nilipokuwa namgusa yeye akiwa na homa.

"Tangu lini?"

"Baadaye, Chiriku."

"Tangu lini, mama?"

"Mvua za mwanzo. Sasa toka njiani, meneja anakuja."

"Nipishe, nitaunganisha mimi. Wewe simama tu hapo, hatajua."

Nakiri kwamba nilishawishika. Ningesimama mbele kama sanamu, yeye afanye kazi nyuma yangu, na meneja angemsifu Mama Santuri kwa kujiokoa. Lakini wiki ijayo je? Chiriku ana harusi zake. Na mimi sijawahi kulipwa kwa kusimama.

Meneja akafika. "Mama Santuri," akaanza, na kabla hajafika kwenye heshima na mama yake mzazi, nikamkatiza.

"Sikio langu la kushoto halisikii. Ndiyo maana nyimbo ziligongana zile mara mbili. Leo zimeungana vizuri kwa kompyuta, halafu nimeifunga mwenyewe kwa mazoea. Hiyo ndiyo hali yote."

Akaitazama kompyuta, akazitazama sahani, kisha mimi. Watu wamezoea kusikia visingizio, ukiwapa habari kamili wanakosa pa kushika.

Mwalimu ndiye aliyesema. Alikuwa ameketi. Nilipotazama, nikaona karibu wote wameketi, wamenyoosha miguu, wanajipepea kwa leso, na mzee mwembamba alikuwa amevua kiatu kimoja anakandakanda vidole.

"Jamani, msigombane," Mwalimu akasema kwa sauti ya mstari wa asubuhi shuleni. "Mwacheni Mama Santuri. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa kwenye ukumbi huu bila kuona aibu."

"Aibu gani, Mwalimu?" meneja akauliza.

"Muziki wako haukatiki, baba. Mtu atakaaje na wimbo unaendelea? Utamwacha mwenzio katikati ya sakafu? Tunacheza mpaka magoti yanalia. Nusu ya hawa hawaendi nyumbani kwa sababu wamekumbuka nyumbani. Wanakwenda kulala."

"Mimi nilidhani ni mimi tu," mzee mwembamba akasema, kiatu mkononi. "Kila Jumamosi naomba umeme ukatike."

Watu wakacheka. Mama mmoja akapiga makofi. Meneja aligeuka kutazama kaunta, na mimi nikatazama alikotazama. Watu walikuwa wamejipanga kununua maji na soda, na mhudumu, ambaye Jumamosi nyingine husinzia, alikuwa anahangaika kutafuta kifungulio.

Meneja ni mtu safi, lakini si mjinga. Aliihesabu foleni ile kwa macho.

"Kwa hiyo," akasema, "mnataka muziki ukatike."

"Wimbo ukiisha, uishe," Mwalimu akasema. "Tupumue, tubadilishane wenza, maana huyu ananikanyaga. Kisha mwingine."

Nikamwambia meneja, "Kupiga wimbo mpaka mwisho, hiyo hata sikio moja linatosha."

"Tujaribu leo," akasema. Safari hii hakuniita mama yake. Niliona ni dalili njema. "Wiki ijayo tutaona."

Kompyuta ilikuwa imemaliza kujifikiria. Nikarudi kwake. Nikapiga wimbo, ukaisha. Nikawaacha wakae. Wakishaanza kuchezesha miguu, napiga mwingine. Ilikuwa kazi rahisi kiasi cha kuniudhi. Ujuzi wangu wote wa kuunganisha, ambao nilijifunza kwa kukosea mbele ya maharusi wa watu, haukuhitajika na mtu yeyote pale. Walihitaji kukaa.

*

Walipoondoka, meneja alifungua madirisha, akanipungia mkono kutoka mbali, akaenda kuhesabu chupa. Chiriku na mimi tukabaki na nyaya. Alikuwa anazikunja vibaya, kwa hasira.

"Nimekuita msaliti," akasema, "na wewe ukanyamaza."

"Uliita kwa sauti kubwa. Hilo nililisikia."

"Usinichekeshe. Nimekasirika. Ungeniambia!"

"Ungewapigia ndugu zako."

"Ningewapigia, ndiyo!"

"Unaona."

Akautupa waya kwenye mfuko. Kisha akasimama, mikono kiunoni, na nikaliona wazo linampanda usoni kabla hajalisema.

"Lakini mama, sasa si basi? Kama nyimbo haziunganishwi tena, huhitaji kuona milima. Wimbo mmoja, unaisha, mwingine. Unaweza kurudi kwenye sahani! Weka santuri, shusha sindano, ngoja iishe. Sikio halina kazi hapo." Alikuwa anang'aa kama taa. "Rudi kwenye sahani, mama."

Nikakaa kwenye kreti. Alikuwa amesema kweli, na mimi sikuwa nimelifikiria. Wiki nzima nilijiambia nimechagua kompyuta kwa sababu ya sikio. Sikio lilikuwa sababu nzuri, lina karatasi ya daktari. Sasa mtoto ameiondoa mikononi mwangu, na bado sikutaka kurudi. Nikajipekua moyoni, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta funguo.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nimechoka kuzibeba."

"Nitakubebea mimi."

"Wiki hii. Wiki ijayo una harusi." Nikapangusa miwani, ingawa ilikuwa safi. "Chiriku, sikiliza. Wewe unazipenda. Mimi nilizipenda nilipokuwa na umri wako, baadaye nikazizoea, baadaye zikawa uzito tu. Kompyuta siipendi. Haina hata harufu. Lakini naiweka kwenye mkoba, naondoka. Nataka kufika kazini nikiwa bado na nguvu ya kufanya kazi."

"Na watu wakija kuona mikono yako?"

"Watakuja kwako. Zichukue, ni zako. Santuri pia. Vifuniko usiving'oe."

Nilidhani angeshangilia, amezililia vya kutosha. Badala yake alizitazama sahani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzie amshike na mwenzie akaondoka.

"Mimi nilitaka uwe unazipiga wewe," akasema.

"Najua."

Nilitia kompyuta kwenye mkoba, nikautundika begani, nikaanza kushuka ngazi. Kwa mara ya kwanza nilishuka ngazi za kazini nimeshika ukuta kwa mkono mtupu. Nyuma yangu nikamsikia, upande wa kulia, anavuta pumzi na kreti ya kwanza, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine.

"Mama! Hizi ulikuwa unazibeba peke yako?"

"Peke yangu wapi? Na wewe mgongoni."

Akaguna, nadhani alicheka, nadhani pia alikuwa anafuta macho begani kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Sikurudi kumsaidia. Nilifika chini, nikamfungulia buti la gari, nikakaa kwenye kiti cha mbele na mkoba mapajani, nikamngoja apande tena kuleta zilizobaki.